Uzito wa Chini ya Sifuri

Mashine ya kijivu iliyo karibu na dirisha msiitupe. Najua inakula meza nzima, najua feni yake inanguruma hadi wateja wanauliza kama humu ndani tunasaga mihogo, na najua mmoja wenu ameshapima mahali pale ili aweke friji ndogo nikishaondoka. Friji itafutiwe pengine. Mimi ninaondoka, ile inabaki, na kurasa hizi nimeziandika ili mjue kwa nini.

Vyeo na mishahara sitaviandika. Atelier yetu ya Butembo, karakana hii ya kompyuta, ina vyumba viwili na ukumbi mmoja wa kupokea wateja, hakuna mahali pa kupandia hata mtu akitaka. Nitaandika kazi.

Nilizaliwa Kasugho, ambako watu wanalima pembezoni mwa msitu. Mama yangu aliuza maharage kwa wanunuzi waliokuja na mizani yao wenyewe. Mizani ile ilikuwa na sindano, na sindano ilikuwa na tabia ya kuchoka kila ilipomwona mama yangu. Gunia lililowashinda vijana wawili kulinyanyua, sindano ilisema ni mzigo wa mtoto. Mama aliitazama, akafunga kitenge chake upya, akapokea alichopewa. Nilimchukia mnunuzi, na nikaichukia sindano pamoja naye. Nilipokua nikaelewa kwamba sindano haikuwa na kosa. Kuna mtu aliyeifungua mgongo akaikaza. Nadhani kazi yangu yote imetoka hapo, ingawa kwenye karatasi za shule niliandika kwamba napenda hisabati.

Papa Kasereka, aliyeanzisha atelier hii, wengi wenu hamkumkuta. Kabla ya simu za mkononi alikuwa fundi wa foni, zile redio ambazo wafanyabiashara wa Butembo walizitumia kuulizia mizigo yao iliyokwama njiani. Simu zilipokuja foni zikafa, naye akageukia kompyuta bila kulia msiba. Siku yangu ya kwanza hakunikaribisha wala hakunionyesha choo kiko wapi. Alinipeleka mbele ya mashine tatu. Moja ilitoka misheni. Ya pili mfanyabiashara mmoja aliileta kutoka Dubai katikati ya marobota ya vitenge. Ya tatu ilikuwa hiyo ya kijivu, iliyoachwa na wageni wa shirika fulani walipofunga mizigo yao kwa haraka.

Alinipa programu fupi ya lugha ya C niiandike kwenye mashine zote tatu, herufi kwa herufi. C ni lugha ya zamani, iko karibu sana na mashine, na haina huruma. Niliandika, nikaita kompaila, yaani ile programu inayogeuza maandishi yetu kuwa kitu ambacho mashine inaweza kukitenda, kisha nikaziamuru zihesabu. Mbili zikatoa jibu moja. Ya kijivu ikatoa jibu lake peke yake, namba ya ajabu isiyoelekea popote.

“Masika,” akaniuliza, “kati ya hizi machine tatu, ni gani inasema bongo, inadanganya?”

Nikaonyesha ya kijivu.

“Juu ya nini?”

“Juu iko yenyewe, Papa. Zingine ziko mbili.”

“Donc ni kura? Ile iko na batu mingi njo ya kweli?” Alicheka kwa pua. “Hapana hata moja inasema bongo. Ni programme njo iliandikwa mubaya. Hizi mbili zinakuvumilia tu. Ile ya kijivu hapana kuvumilia mutu.”

Mashine ya kijivu ni ya ukoo mwingine. Namba kubwa inaisoma ikianzia kichwani wakati nyingine zinaanzia mkiani, na kuna mambo mengine madogo ambayo inayachukulia kwa namna yake. Programu iliyoandikwa kwa uvivu inatembea vizuri kwenye mashine za kawaida, ikifika kwake inaanguka. Kwa sababu hiyo Papa Kasereka aliipa jina la Mama Mukwe. Ilikuwa sheria ya nyumba: hakuna kazi inayotoka nje ya mlango huu kabla haijapitishwa kwa Mama Mukwe. Wateja waliokuwa na haraka walitukana. Papa aliwaambia wakae, wanywe chai, Mama Mukwe bado anaangalia.

Hakuwahi kunisifu. Siku nilipofanya vizuri sana aliniazima bisibisi yake.

Sasa niseme juu ya maktaba, kwa ajili ya wale watakaosoma haya bila kuwa wa kazi yetu. Kwetu maktaba si nyumba ya vitabu. Ni msimbo ambao mtu ameuandika vizuri mara moja ili programu nyingine ziuazime. Maktaba niliyoishi nayo miaka mingi ni ya mizani: inasoma baiti, yaani namba ndogondogo, zinazotoka kwenye mizani ya umeme kupitia waya, na inarudisha uzito. Basi. Aliyeianzisha na kuisimamia ni bwana mmoja wa kaskazini mwa Ulaya ambaye sijaonana naye hadi leo. Watu wa nchi nyingi walimtumia masahihisho, naye akakubali au akakataa. Alikuwa mtu wa maneno machache, na kwa hilo nilimheshimu.

Sahihisho langu la kwanza kwake lilihusu Mungu. Mteja wetu wa Beni, katekista mwenye duka la mbegu, aliweka kazi zake zote katika folda aliyoiita Mungu Ni Mwema. Hati inayojenga maktaba haikujua la kufanya na nafasi kati ya maneno. Ilikata jina baada ya neno la kwanza, ikasimama, ikaandika kwenye skrini kwamba Mungu hapatikani. Katekista alinipigia simu kwa hofu. Nilimtuliza, nikamweleza kisa, nikamwambia njia ya mkato ni kubadilisha jina la folda. Akaniuliza:

“Mama Masika, na kama ni hati yenyewe njo inabadilika?”

Nilimwambia inawezekana. Msimamizi wa Ulaya aliandika kwamba watumiaji waache kuweka nafasi katika majina. Nikamjibu kwamba jina la folda ni la mwenye folda, na nikamtumia hati niliyoirekebisha. Aliichukua bila kusema asante, na hivyo ndivyo tulivyofahamiana.

Kesi za namna hiyo zilikuwa nyingi, na nyingine mnazikumbuka kuliko mimi. Kuna maktaba iliyojengeka Butembo ikagoma Beni kwa sababu mtu aliandika jina la faili kwa herufi kubwa, na mashine moja inajali herufi kubwa, nyingine haijali. Kuna programu iliyokufa kila saa ya chakula, tukaitafuta wiki nzima ndani ya msimbo, kumbe mlinzi alikuwa anachomoa waya achemshe maji ya bugali. Mtu akiwaambia kazi yetu ni ya kukaa tu, mleteni.

Lakini ile ya Oicha ndiyo iliyonifanya nisitupe kitu.

Kulikuwa na shirika la kununua kakao lenye makao Kinshasa na ofisi Beni, lililotumia maktaba yetu katika depo zake. Mwanzoni kila depo ilikuwa na laptop ya zamani inayokula umeme kuliko kazi inayofanya. Baadaye shirika likaagiza mashine ndogo, za ukubwa wa kipande cha sabuni, zinazoishi kwa sola ya juu ya paa. Zilishuka uwanja wa ndege wa Mavivi ndani ya sanduku moja, zikagawanywa. Maktaba ikajengwa juu yake vizuri, kompaila haikulalamika hata kidogo. Kompaila ikinyamaza kabisa, vijana wangu, msikimbilie kufurahi. Kunyamaza kwake kuna maana moja tu, kwamba imeelewa mlichoandika. Kama mlichoandika kina akili, hilo haliihusu.

Simu ya depo ya Oicha, kaskazini mwa Beni, ilikuja siku ya kwanza ya soko baada ya mashine kufungwa. Alikuwa Mama Kavugho, mkubwa wa wanawake wanaouza kakao kwenye depo ile.

“Mama Masika, hii kitu yenu inatukana batu. Natoa kakao, inalia surcharge. Natoa tena, inalia zaidi. Surcharge ya nini? Mi nabeba nini?”

Surcharge ni Kifaransa cha kusema mizani imezidiwa. Nilidhani waya umelegea. Nikangoja milio ya risasi itulie kwenye barabara ya juu ya Beni, nikapanda pikipiki na laptop yangu tumboni ndani ya koti.

Nilichokikuta Oicha sikuwahi kukiona kwingine. Sisi wote, tukipima, tunaweka kitu juu ya mizani na kusoma. Wanawake wa Oicha hawafanyi hivyo. Mwenye kakao anaweka gunia lake lote juu ya mizani, likiwa wazi. Halafu anabonyeza kitufe cha sifuri, gunia zima linahesabiwa kuwa si kitu. Kisha anaanza kutoa, beseni baada ya beseni, anamimina katika gunia la depo. Kioo cha mizani kinashuka chini ya sifuri: kutoa nane, kutoa kumi na nane, kutoa thelathini. Akichoka na bei, anasimama. Kilichosomeka ndicho alichouza.

Nilimuuliza Mama Kavugho kwa nini wanapima kinyume. Aliniona kama mtu asiyejua kuvaa viatu.

“Ile iko juu ya balance, ingali yangu. Ile imeshuka, njo yako. Zamani bale banunuzi balikuwa banatuambia tumwange yote kwanza. Ukimwanga yote, kakao iko kwao, bei iko kwao, balance iko kwao. Weye uko na nini? Na kama masasi ikilia?” Akapiga gunia lake kofi. “Nafunga mudomo ya mufuko, nabeba, nakimbia. Hapana kuacha kitu kwa mutu.”

Akanisogeza mbele ya mizani, akachota beseni moja. Kioo cha mizani kikaandika kutoa kumi na nane. Mashine ya sabuni, inayotakiwa kusoma namba ile ile na kutoa stakabadhi, ikaandika SURCHARGE na kulia. Gunia linapungua, mashine inalia imezidiwa. Kwa kuwa shirika lililipia kile tu kilichotoka kwenye stakabadhi, siku ile hakuna mwanamke aliyeuza.

Nilifungua laptop palepale juu ya rundo la magunia matupu, nikakamata baiti kama zinavyotoka kwenye waya kabla maktaba haijazigusa. Hilo mlijue kwa moyo: kabla hujalaumu mtu, chukua kile kilichopita kwenye waya. Baiti zilikuwa safi. Mizani ilisema kutoa kumi na nane, sawasawa na kioo chake. Kosa lilikuwa upande wetu.

Nilipokuwa bado nimechuchumaa, akaingia Monsieur Kabeya, mkuu wa depo zote za shirika. Alikuwa ametumwa kutoka Kasai, mtu mpole mwenye shati lililopigwa pasi hata siku za matope. Aliwasalimu wanawake mmoja mmoja kabla ya kusema alilotumwa kusema.

“Bamama, écoutez. Mi niko na instructions. Dunia nzima inapima kwa kuongeza. Kutoka soko inayokuja, na hapa tutapima kwa kuongeza. Mutu ataweka kakao yake juu ya balance, machine itasoma, c'est fini.”

“Dunia nzima?” akauliza Mama Kavugho.

“Dunia nzima, Mama. Ni Oicha tu njo inapima kwa kupunguza.”

“Basi dunia ikuje Oicha kujifunza.”

Wanawake wakacheka. Monsieur Kabeya naye akacheka, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, lakini amri haikubadilika. Asiyetaka kupima kwa kuongeza, alisema, apeleke kakao yake kwa wanunuzi wa barabarani. Wanawake wakaacha kucheka. Wanunuzi wa barabarani ni wale wale wa mama yangu, wamebadilisha tu magari.

“Monsieur le chef,” nikasema, “kosa iko kwa machine. Nitaitengeneza.”

“Mama Masika, machine ilifika mupya kabisa.”

“Mupya haisemi kama iko muzima.”

Alinitazama, akatazama wanawake. “Mais fanya haraka. Mi siwezi kungojesha Kinshasa sana.”

Mama Kavugho alifunga gunia lake, akaketi juu yake. Wengine nao wakaketi juu ya yao. Hawatauza, walisema, mpaka mashine ijifunze kuhesabu kurudi nyuma. Mnajua Oicha ilivyo na unyevu wakati wa mvua. Kakao iliyokauka ikikaa ndani ya nyumba inaota ukungu, na kakao ya ukungu hata mnunuzi wa barabarani anaitupia jicho la dharau. Kila siku waliyokaa juu ya magunia yale walikuwa wanaihatarisha kazi ya msimu mzima, na walikuwa wanaihatarisha kwa kuniamini mimi. Nilirudi Butembo nikiwa na hasira.

Kosa lenyewe nililiona kabla chai haijapoa. Mizani inatuma uzito kwa baiti mbili, na ya kwanza ndiyo inayobeba alama ya kutoa. Ndani ya maktaba baiti ile iliwekwa katika aina ndogo ya namba ambayo C inaiita char. Waliotunga lugha waliacha kila ukoo wa mashine ujiamulie wenyewe kama char inaweza kwenda chini ya sifuri. Kwenye laptop za zamani inaweza. Kwenye zile sabuni haiwezi. Kila kilicho chini ya sifuri kinageuka namba kubwa kupita kiasi. Maktaba ikiona namba kubwa kupita kiasi, inaamini mizani imezidiwa. Mwanamke anachota beseni moja la kakao, mashine inaona mlima.

Dawa yake ni neno moja. Unatanguliza signed mbele ya char, yaani unaiamuru iwe na alama kwenye kila mashine, itake isitake. Neno moja, na ningeweza kuliandika mwenyewe wanawake wakauza kesho yake. Lakini mashine za shirika zilifungwa: zilipokea toleo rasmi tu, lenye sahihi ya msimamizi wa Ulaya. Mlango ulikuwa kwake.

Nilimwandikia. Jibu lilikuja kabla ya jioni, nami nalitafsiri kama lilivyokuwa: “Mizani haitoi uzito hasi. Watumiaji warekebishe namna yao ya kupima.” Akafunga kesi.

Nikaifungua.

Akaifunga tena, akiongeza kwamba maktaba ilijaribiwa miaka mingi na hakuna aliyelalamika. Nikaifungua tena, nikamwandikia kwamba nimelalamika mimi, na kwamba mimi ni mtu. Nikamweleza gunia, sifuri na beseni. Mtu mwingine katika kikundi, sijui wa nchi gani, akaandika kwamba hiyo ni desturi ya kuvutia lakini maktaba haiwezi kufuata kila kijiji. Nilisoma sentensi ile nikiwa nimesimama. Nikamuuliza kama kilo anayoitumia yeye haikuanzia kijijini kwa mtu. 

Msimamizi alirudi na hoja mpya: mashine zenu ndogo ni za bei rahisi, huenda ni mbovu, nunueni nzuri. Hiyo hoja nilikuwa naingoja. Nilifunga laptop, nikaenda dirishani, nikafunua kitambaa nilichomfunika Mama Mukwe.

Wakati huo Papa Kasereka alikuwa nyumbani, miguu ikimsumbua, na ninyi mlioanza miaka ile mlikuwa mmeanza kuweka sufuria juu ya mashine hiyo. Niliondoa sufuria. Nikaijenga maktaba juu yake, na kwa jinsi ilivyozeeka, niliweza kupika, kula na kuosha vyombo kabla haijamaliza. Kisha nikaipa zile baiti za Oicha, kama nilivyozikamata kwenye waya. Feni ikanguruma. Ikaandika: mizani imezidiwa.

Nilipiga makofi peke yangu kama mwendawazimu. Mama Mukwe haitoki kiwanda kimoja na zile sabuni, si ya ukoo mmoja, si ya umri mmoja, wala haikuwa ya bei rahisi siku iliponunuliwa. Na imelia kilio kile kile. Ubovu haukuwa wa mashine. Zile laptop za zamani zilikuwa zinatuvumilia tu.

Sikuandika maneno mengi. Niliandika jaribio dogo, faili moja yenye baiti za gunia la Mama Kavugho na jibu linalotakiwa kutoka, nikaliita oicha. Kwa utaratibu wa mradi ule, kila sahihisho linalotumwa linajengwa lenyewe kwenye mashine nyingi za msimamizi, za koo mbalimbali, na kila jaribio linapitishwa kwenye kila moja. Nilituma kwanza jaribio peke yake, bila dawa. Nikangoja mtandao. Mashine zake za kawaida zikawa kijani, yaani zimefaulu. Halafu nyingine ikawa nyekundu, na nyingine, na nyingine, mashine zake mwenyewe, nzuri, za bei kubwa, zilizokaa katika vyumba vyenye baridi ya kutengenezwa, zote zikilia kwamba beseni la kakao ya Oicha ni mzigo mkubwa mno.

Ndipo nikatuma neno moja.

Hakujibu siku ile wala iliyofuata. Mama Kavugho alipiga simu. Alisema ukungu umeanza kwenye gunia la jirani yake, na Monsieur Kabeya amepita akiuliza kwa upole, na kuna wanawake wawili wanaoanza kusema tupime tu kwa kuongeza, yaishe.

“Na weye, Mama?” nilimuuliza.

“Mi nimekaa juu ya mufuko yangu,” akasema. “Weye umekaa juu ya nini?”

Nilimwandikia msimamizi mara nyingine. Nilimwambia kuna watu wanaokaa juu ya mazao yao wakimngoja yeye, na kwamba mashine zake zote nyekundu zitaendelea kuwa nyekundu mpaka ama akubali neno langu ama aniondoe katika mradi na kulifuta jaribio kwa mkono wake, mbele ya wote. Niliogopa nilipoituma, sitawadanganya. Nilijua anaweza kuniondoa kwa kubonyeza mara moja, na hakuna ofisi Butembo wala Beni ambako ningekwenda kulalamika.

Alijibu kwa njia ya pembeni. Angekubali, alisema, lakini badala ya kugusa msimbo, kila mtu anayejenga maktaba kwa mashine ndogo aongeze amri moja kwa kompaila, inayoilazimisha char kuwa na alama. Hiyo ni njia inayofanya kazi, na mtu mchovu angeipokea. Nilikataa. Amri ya pembeni inakumbukwa na anayeijua. Kesho anakuja mwingine, anajenga bila kuijua, na Oicha wanarudi kukaa juu ya magunia. Kosa limeandikwa ndani ya msimbo, litatengenezwa ndani ya msimbo.

Baada ya hapo nikaona ujumbe mfupi: “Limekubaliwa. Ila jaribio liitwe uzito_hasi. Jina la mji halimwambii mtu kitu.”

Nilijibu kwamba linatuambia sisi. Likabaki oicha.

Toleo rasmi lilipotoka, nilirudi kaskazini kwa pikipiki ile ile. Monsieur Kabeya alikuwepo na shati lake la pasi. Mama Kavugho aliweka gunia, akabonyeza sifuri, akachota. Mizani ikaandika kutoa kumi na nane. Mashine ya sabuni haikulia, stakabadhi ikatoka. Monsieur Kabeya aliichukua, akaisoma kwa sauti ya kanisani: “Moins dix-huit.” Akaigeuza, akaangalia nyuma yake, kana kwamba dunia nzima ingekuwa imeandika kitu pale.

“Wasingya,” Mama Kavugho akanishukuru kwa Kinande, bila kuinua kichwa, na akachota beseni la pili. Wale wanawake wawili waliotaka kukubali walikuwa wa kwanza kujipanga nyuma yake.

Nililia njiani kurudi, na dereva wa pikipiki akadhani ni vumbi. Mama yangu alikuwa amekwisha kufa. Hakuwahi kusimama mbele ya mizani na kusema simama hapo. Nilitamani aione stakabadhi ile, na bado natamani.

Tangu hapo maktaba imekwenda mbali. Sijui iko ndani ya mizani ngapi, na msinidanganye kwamba mnajua ninyi. Ninachojua ni kwamba haiwezi kutoka bila kupita Oicha. Mwaka jana kijana mmoja katika mradi, mwenye bidii nyingi, alipendekeza jaribio lile lifutwe kwa sababu, alivyoandika, hakuna mizani inayopima chini ya sifuri. Nilikuwa nimeshanyanyua mikono nimjibu. Msimamizi alinitangulia. Alimwandikia: “Liache. Hivyo ndivyo wanavyopima Oicha.” Basi, mtu yule wa maneno machache.

Nimewaachia bisibisi ya Papa Kasereka kwenye droo, pamoja na waya za mizani na kitambaa cha kumfunika Mama Mukwe vumbi lisimwingie. Watakuja watu kuwaambia kwamba watumiaji wenu wanapima vibaya, wanaita folda vibaya, wanaishi vibaya, na kwamba ni rahisi kuwabadilisha wao kuliko kubadilisha msimbo. Watakuja na diploma na mashati ya pasi, na baadhi yao watakuwa watu wazuri. Msipoteze pumzi kubishana nao. Wapeni kiti, wapeni chai, ondoeni sufuria, mwasheni Mama Mukwe. Akimaliza kuangalia, atawaambia mwenyewe.